Mama Aliganda Akiwa Hewani

Saa ya chakula Tokilupe alipindua kreti la nyanya, akapanda juu yake na kuinua simu. Mwisho wa shamba, karibu na uzio, ndipo mtandao ulipokuwa ukipita, na pale Bundaberg, ng'ambo ya bahari, kila mchumaji alikuwa na mahali pake pa kusimama. Laini yake ya safari alikuwa ameinunua kwao visiwani Tonga, siku ya kuondoka, kwa sababu bango lilisema inashika popote duniani. Popote, kumbe, isipokuwa penye nyanya.

Mama yake, 'Ilaise, akatokea kwenye kioo akiwa amekaa kichwani pa jeneza, mkeka mzuri umemzunguka kiunoni kwa desturi ya kwao. Mjomba Haniteli alikuwa amefariki kule kisiwani Lifuka, na 'Ilaise, dada mkubwa wa marehemu, ndiye aliyekuwa fahu wa msiba. Kauli ilikuwa yake. Jeneza halifungwi, kaburi halifukiwi, mpaka fahu atamke.

"Toki mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama. Mnazika saa ngapi?"

"Mchungaji akimaliza maombi yake, na unajua alivyo na maneno. Halafu nita—"

Akaganda. Mdomo wazi, mkono wa kulia umeinuka. Kifurushi kilikuwa kimekwisha.

Ujumbe wa maandishi ulikuwa bado unapita, na haukukawia. Uliandikwa na Pasemata, binti wa marehemu: "Binamu, shangazi ameganda. Tafadhali malizia simu, huku jua kali."

Tokilupe alishuka kwenye kreti mbio. Si kwamba jambo lilikuwa geni. Mume wa Lesieli, mwenzake wa chumba, alikuwa ameganda tangu juzi akivua fulana, mkono mmoja ndani mmoja nje, na watoto walikuwa wakianika taulo juu yake. Wanawake wengi kambini walikuwa na mtu wa namna hiyo nyumbani. Waliwaamsha Jumapili, gari la kambi lilipowapeleka mjini penye mtandao. Lakini leo ilikuwa Jumanne, na maiti haiwezi kungoja Jumapili.

Alijaribu kununua kifurushi kingine. Simu ikamjibu kwamba ili anunue mtandao anahitaji mtandao. Alipoazima wa mwenzake, uliokuwa ukichechemea, akaambiwa namba ya kuthibitisha imetumwa kwenye laini yake ya nyumbani. Laini hiyo ilikuwa ndani ya kopo la sukari, kwa mama.

Wakati huo trekta lilikuwa likipita katikati ya matuta bila dereva, kijitaa chake cha kijani kinawaka. Matrekta yale yalijiendesha yenyewe, na mtandao wao ulikuwa na nguvu usiku na mchana. Tokilupe akamfuata msimamizi.

"Bosi Brett, naomba mtandao kidogo. Mama yangu ameganda msibani."

"Lo, pole sana," Brett alisema, na alimaanisha. "Lakini ule ni wa matrekta, Toki. Nikikupa wewe, kambi nzima itanipangia foleni."

"Ni neno moja tu anatakiwa kusema."

"Jumapili si mbali."

"Wewe ungemwambia hivyo mjomba wako, akiwa amelala kwenye jeneza wazi?"

Brett alijikuna shingo, akasema pole tena, akaenda zake.

Ujumbe mwingine ukaingia. Barafu ya wavuvi aliyowekewa marehemu ilikuwa imeyeyuka, na mchungaji alikuwa akijipepea kwa kitabu cha nyimbo. Mzee mmoja alidiriki kusema wafunge tu, watu wakamtazama mpaka akaketi. Hakuna aliyethubutu hata kumsogeza fahu kivulini. Walikuwa wamemshikia mwavuli kwa zamu. Tokilupe alisoma, nyanya zikamponyoka.

"Shoga, panda trekta," Lesieli alisema bila kuinua kichwa.

"Bosi akiniona?"

"Akikuona si amekuona! Mama yako anafukuza nzi kwa macho tu kule, we umesimama hapa unahesabu nyanya. Panda bwana!"

Akalikimbilia, akadandia, akaingia ndani. Palikuwa na kioo kikubwa chenye ramani ya matuta. Akaifuta ramani kwa kidole na kupiga namba ya mama. Uso wa 'Ilaise ukajitokeza, mpana kama sinia, na saa hiyo hiyo trekta likaganda. La pili nalo likaganda, na la tatu, lililokuwa likinyunyizia dawa, likaacha matone yake yamening'inia hewani juu ya nyanya.

"—waambia wafunge," mama akamalizia. Akapepesa macho. "Mbona umekaa juu hivyo? Uko wapi?"

"Kwenye trekta, mama. Fanya haraka, nakuomba!"

"Fahu haharakishwi, Toki. Nani amekufundisha hayo?"

Brett alikuwa ameshaona. Alikuja mbio akiruka matuta, kofia imeanguka nyuma. Mama akamgeukia mdogo wake jenezani taratibu. Akamnyoosha ukosi. Akamfuta kitu kwenye shavu ambacho hakikuwapo. Akainama, akambusu paji la uso, na akakaa hivyo kitambo.

"Mama!"

Brett akakanyaga ngazi ya trekta. 'Ilaise akainuka, akauweka sawa mkeka wake.

"Fungeni," akasema.

Nyundo zikaanza kulia. Hapo ndipo akaigeukia simu, macho yamejaa machozi. "Na wewe mwanangu, kuna jambo nilitaka—"

Brett akachomoa waya wa kioo.

Matrekta yakaendelea na safari. Matone yakaangukia nyanya. Mjomba Haniteli alizikwa kabla jua halijazama, kwa heshima zote, na fahu wake akabaki ameganda mbele ya simu. Brett hakufoka. Alieleza tu, kwa upole, kwamba Tokilupe hatapanda gari la Jumapili mpaka msimu uishe, ili iwe fundisho kwa wengine.

Jumapili Lesieli akaibeba simu ya Tokilupe mjini, amwamshe mama kwa niaba yake. 'Ilaise alifumbua jicho moja, akaona si mwanawe, akarudi alikokuwa.

"Tumemjengea kibanda cha makuti," Pasemata aliandika baadaye. "Watoto wanamfuta vumbi asubuhi. Hana shida, ila ukimwangalia usoni unaona anakusubiri."

Tokilupe aliusoma ujumbe huo katikati ya tuta. Akaitia simu kwenye aproni, akainama kuchuma. Trekta likapita pembeni yake bila mtu ndani, likipeleka habari ofisini kwamba udongo una unyevu wa kutosha.