Maiti Aliyetazama Kongo

Filamu ile Emile aliileta kutoka Arua, kaseti imefungwa kwenye gazeti la Kifaransa. Ilikuwa ya watoto wa Ulaya, watoto wanne na mbwa wao, wanamtafuta aliyeiba kengele ya kanisa. Polisi wao mnene kila akikimbia anaanguka mtoni. Emile, Mkongo mwenye jenereta na banda la video pale Koboko, mpakani mwa Kongo na Sudan, hakuelewa neno hata moja la lugha yao. Mimi pia. Lakini kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya televisheni na kutafsiri, na watu walikuwa wameshakaa. Basi nikatafsiri. Waongo nawajua kwa sura, hawahitaji kamusi.

Mwizi wa kengele alikuwa bwana wa masharubu, mtu wa kuamkiwa na kila mtu. Wale watoto hawakumwuliza hata mara moja kama ameiba. Walimwendea na nyuso za adabu wakamwomba awasimulie, siku ile alikuwa wapi. Akasimulia. Wakarudi tena: tusimulie, mzee. Kila wakirudi anaongeza kitu, mara mvua, mara jirani mgonjwa, mpaka akajifunga kwa ulimi wake. Nikapaza sauti juu ya jenereta:

"Mnaona? Mwongo habanwi shingo! Mwongo anapewa kiti na chai!"

Banda zima likacheka. Mbele kabisa, kwenye mkeka, Keji hakucheka. Alikuwa binti wa pale jirani, mwembamba, mwenye macho ya kudai. Kushoto kwake Kamisi, kulia Yugu, wavulana wawili wasiokwenda popote bila yeye kuwatuma. Kabla kengele haijapatikana mashine ikatafuna utepe, picha ikafa, na watu wakatoka wakimtukana Emile.

Nje, Mama Mariam Poni alikuwa anakaanga mandazi. Habari yake nitaieleza, maana wako wanaotaka tuisahau.

Mwaka wa themanini, askari walipokuja kuwalipizia kisasi watu wote wa West Nile kwa serikali ya mtu wa kwao iliyokwisha kuanguka, Mama Poni alikuwa na cherehani. Kukibeba pamoja na watoto mpaka Kongo hakuweza. Akakipaka grisi, akakifunga kwa ngozi ya ng'ombe, akakizika kiwanjani mwake, juu yake akainua tuta, jiwe kubwa kichwani, upande wa Sudan, na jiwe dogo miguuni. Askari walifukua kila kitu Koboko, masufuria, mabati, hata milango iliyozikwa. Makaburi waliyapita.

Aliporudi, miaka mingi baadaye, hakuwa na mume. Huyo alimfia njiani ng'ambo ya Aru, upande wa Kongo, wakamfunika majani wakaendelea kukimbia. Na kiwanja alikikuta na ua mpya, na ndani ya ua Haji Nasuru, mwenye duka.

"Hapa ni kwetu," alisema Haji. "Kaburi ya baba yangu mdogo si ile?"

Kwetu, mwenye kaburi ndiye mwenye ardhi. Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, Haji alichinja mbuzi akaita watu, wakalisomea dua lile tuta. Nami nilikula. Siku zile nani alikuwa anapata nyama?

Mama Poni alimwendea mwenyekiti wa mtaa, Wani. "Chimbeni, mtaona cherehani. Na angalieni tuta lilivyolala! Si kaburi ya Mwislamu ile, haikuelekea Kibla. Nilifanya makusudi. Askari hawatajua, lakini Mungu nisimdanganye."

Wani akakuna kidevu. "Mama, wakati ya vita watu walizikwa vyovyote. Nani atachimba maiti ya mutu?"

Akamtuma kwenye maofisi ya serikali, Arua Hill. Kule wakamwambia arudi. Akarudi. Wakamwambia arudi. Nilimsindikiza, nikapiga kelele juu ya haki ya waliokimbia, nikatolewa nje kwa mkono wa shati. Safari ya mwisho tulishuka kile kilima tukihesabu senti za nauli. Hasira nayo huchoka, kama punda.

Sasa, siku ya pili baada ya filamu ile, nilikuwa barazani kwa Haji nasubiri afungue gunia la sukari. Akaja Keji na walinzi wake.

"Salaam aleku, Haji," akasema, sauti ya asali. "Sisi tulizaliwa Kongo, hatujui wazee ya hapa. Tuambie juu ya babu ya kaburi."

Haji akafurahi. Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Yule alikuwa mutu mkubwa! Nilimzika mimi. Mbio mbio, risasi inalia."

"Maskini!" Yugu akasema. "Bila sanda."

"Bila sanda namna gani? Mimi nakosa kitambaa, na duka hii? Sanda nyeupe kabisa!"

Wakashukuru, wakaondoka. Niliyajua yale macho ya adabu. Nilisahau sukari.

Kesho yake wakarudi. Kamisi akasikitika kwamba babu hakupata sheikh. Haji akampata sheikh papo hapo, akasema alimtoa mji wa Yumbe kwa baiskeli. Wakarudi tena. Sasa Keji alikuwa karibu kulia.

"Haji, sokoni wanasema babu ulimtupa kama mbuzi. Ati hata kumlaza hukumlaza vizuri."

"Nani anasema?"

"Watu."

Hakuna tusi linalomuuma mtu kama hilo la kumtupa maiti wake. Ijumaa, waliposwali na kutoka, Haji alisimama mbele ya msikiti, kofia imekaa upande, akawasimamisha wote, na Wani mwenyekiti akiwamo.

"Nasikia maneno! Baba yangu mdogo nilimzika kwa mikono hii! Haraka haikuwako! Sheikh alikuwako, dua yote ilisomwa, na mimi mwenyewe niliingia ndani nikamlaza kwa ubavu ya kulia, uso Kibla. Anayesema vyovyote, alaaniwe!"

"Haji," Keji akauliza kutoka nyuma ya wanaume, "Kibla iko wapi?"

Mkono wa Haji ukanyooka wenyewe, kuelekea barabara ya Sudan, pale uso wa msikiti unapotazama.

"Basi babu aligeuka usingizini. Kwa maana kichwa yake iko huko, na uso iko naangalia Kongo."

Mtu mmoja akacheka puani, na kicheko kikatembea. Wani alikitafuta kile kisingizio chake cha vita, akakuta Haji amekwisha kukila mbele ya msikiti mzima. Imamu mzee hakucheka.

"Kama ni mutu, analala vibaya, na aliyemlaza ndiye anatuambia alimlaza vizuri," akasema. "Twende. Chimbeni polepole."

Walichimba polepole. Ngozi ilikuwa imeoza, na ndani yake chuma chekundu, gurudumu halizunguki, sindano imeliwa na kutu. Mama Poni alipiga magoti akalisukuma gurudumu kwa kiganja, mara moja tu, akaacha.

"Yaa!" Kamisi akasema. "Mmesomea dua cherehani!"

"Mwili iko chini zaidi," Haji akasema.

Wani akampa jembe. "Chimba wewe."

Kwenye filamu angeanguka mtoni. Haji aliegemeza jembe kwenye ua wake, akaenda kufungua duka, na watu wakaendelea kununua sukari yake mpaka leo. Mimi pia. Hata baraza la mtaa aligombea baadaye, nasi tukampigia makofi.

"Kiwanja ni ya Mama Poni," Wani akatangaza, kwa sauti ya mtu aliyejua siku zote. "Ua itoke. Vijana, fukieni shimo, msawazishe."

"Msisawazishe," Mama Poni akasema.

Akamgeukia imamu. "Zile dua za miaka yote zilikwenda wapi?"

Mzee akafikiri. "Mungu anajua pa kuweka."

"Mume wangu, baba ya Sadiya, hajasomewa hata moja. Mpeni yeye zote."

Akachukua jembe lile la Haji, akavuta udongo, akainua tuta upya, likikata lile la kwanza. Hakuna mwanamume aliyemsaidia, tulisimama tu. Keji ndiye aliyebeba jiwe la kichwa, limemlemea tumboni.

"Huku, Mama?"

"Hapo, mashariki. Sasa uso utatazama Kibla." Mama Poni akajifuta jasho kwa kiwiko. "Kongo ametosha kuiangalia."