Bonasi ya Asani

Hii ni kweli tupu, wallahi, na anayebisha aende Kamalondo akaulize mafundi cherehani.

Amida alipaswa kulipa minerval, yaani karo ya chuo, kesho yake Jumatatu, la sivyo hafanyi mtihani, na chuo hakipokei pungufu hata mia. Pesa alikuwa nazo. Yeye na wenzake tisa, wanafunzi Waislamu, waliziweka pamoja wasije wakakopa kwa riba, na mmoja wao, Asani, alizitunza ndani ya simu yake. Wengine walikwisha kuchukua zao. Amida, wa mwisho, alikuta zimepungua franga elfu sita.

"Ni frais tu, makato ya simu," Asani akasema, macho chini.

"Frais gani? Leta simu."

"Yaya Amida, dada yangu, uniamini."

Neno hilo ndilo lililomtia shaka kabisa. Kwenye simu aliona jina moja likijirudia, kila Ijumaa, mara kumi na mbili: Zakari.

"Huyu njo mutu wa pari, wa kamari?"

"Astaghfirullah. Ni muzee masikini."

"Twende kwake. Sasa hivi."

Njiani Asani alifunga kamba za kiatu mara mbili. Amida akawa anatembea nyuma yake, asije akamtoroka kwenye kona.

Walimkuta mzee Zakari mbele ya duka la fundi Mardochée, anatafuna michopo, nyama choma ya mbuzi. Hapo Asani akakiri: kampuni ya simu ilikuwa inaongeza bonasi kwa pesa iliyolala. Kwake hiyo ni riba, basi kila Ijumaa akaitupa kwa mzee anayelea yatima saba. Bonasi ilikwenda, lakini ada ya kuituma ilikatwa kwenye pesa ya minerval.

Amida akaitazama ile michopo.

"Baba, bale yatima beko wapi?"

"Beko masomo, mwanangu."

"Siku ya Mungu, Jumapili?"

Mardochée akasimamisha cherehani. "Yatima gani? Huyu eko na nyumba tatu za kupangisha kule Kasungami."

Mzee akajifuta mdomo, akatoa elfu sita.

"Hizi ni za bonasi?" Amida akauliza.

"Za bonasi, ndiyo."

"Hizo ni riba, tutawapelekea masikini wa kweli, na utaleta zote. Sasa toa elfu sita ya kodi ya nyumba zako, nilipie masomo."

Akamsimamia hapo hapo mpaka akafungua mfuko wa ndani. Mzee Zakari, ambaye ndiye mwandishi wa haya, alilipa mara mbili.