Bibi, Mkwewe na Kigingi cha Korongoni

Jumatatu jioni Bibi Dulcie alisawazisha mchanga kwa kiganja, akachora gari. Akachora viti viwili vya mbele, akachora na nyuma pa mizigo, kisha akatutazama.

"Haya. Nikae wapi?"

Safari ya korongoni ilikuwa Alhamisi, na gari letu lenye viti vingi lilikuwa limelala juu ya jeki tangu mechi za Pasaka. Lililobaki ni Landkruza ya hifadhi, na dereva wake ni baba mdogo Selwyn, mume wa mama mdogo Raelene. Yaani mkwe wa Bibi.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawasemezani, wala hawapeani kitu mkononi. Wawili hawa wameishi hivyo miaka ishirini na miwili, nyumba zao zikitenganishwa na tangi la maji tu. Katika miaka yote hiyo baba mdogo hajawahi kuua kangaruu bila mkia, kipande kitamu kuliko vyote, kumfikia Bibi, ila unapitia kwa mtu mwingine, na yeye mwenyewe husimama mbali akakohoa. Bibi akisikia kikohozi hicho hujifunika blanketi kichwani. "Heshima si utumwa," husema kutoka mle ndani, "lakini ina joto."

Wala safari haikuwa ya kuahirisha. Ofisi moja ya mjini ilitaka kujenga jukwaa la wageni kulitazamia korongo. Mwezi uliopita mtu wao, Bwana Gavin, alikuja akapiga kigingi chenye utepe wa waridi ukingoni, pale alipoona panapendeza. Na kweli panapendeza. Ukisimama hapo macho yanashuka mpaka chini kwenye maji. Habari za maji hayo ni za wanawake, nami nitaishia hapo. Alhamisi Bwana Gavin alikuwa anarudi kutia sahihi, na baada ya sahihi ingekuja saruji. Mwenye neno juu ya ukingo ule ni Bibi, kama alivyokuwa mama yake.

"Ukae mbele, Mama," alisema mama mdogo Raelene. "Tutatundika shuka katikati."

"Na gia je? Atakuwa ananipapasa goti kupitia shuka akitafuta namba tatu?"

Tulicheka mpaka mbwa wakaamka.

"Basi kaa nyuma juu ya godoro, uangalie tulikotoka."

"Kama mbwa?"

"Kama malkia. Mbwa hawana godoro."

"Wa kwako wanalo. Langu."

Hata hivyo Bibi alichora duara dogo nyuma ya gari, kisha akachora la pili kando yake. "Huyu wa pili atakuwa mdomo wangu. Neno lazima limfikie mkwe na huyo mtu wa ofisi. Raelene, utakuja."

"Mama, Alhamisi ni siku yangu ya kusafishwa damu kwa mashine. Figo zangu hazijui korongo."

Bibi akasogeza midomo kuonyesha mtu, kama tuonyeshavyo kwetu, na midomo ilielekea kwangu. Niligeuka kutazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu.

"Lavinia?" mama mdogo alishtuka. "Mama, huyu mbwa akimbwekea anaomba radhi!"

Alisema kweli. Shuleni niliacha darasa la tano, na sidhani kama mwalimu aliwahi kuisikia sauti yangu. Nilitaka kusema siwezi, lakini hata hilo halikutoka.

"Atakwenda," Bibi alisema, akazungushia duara la pili mstari mwingine.

Siku mbili tulifanya mazoezi. Mama mdogo alivaa kofia ya mumewe na miwani ya jua, akashika karatasi ya risiti ya dukani, akawa Bwana Gavin.

"Enhe, dada, kwa nini hapa hapafai?"

Nikanong'ona.

"Sema! Hata sisimizi hawajakusikia."

Nikanong'ona tena, safari hii nikiutazama moto. Mama mdogo alivua miwani. "Mama, watajenga. Watajenga na choo juu yake."

Bibi hakucheka. Aliniita nikae karibu, akanimegea mkate wa majivuni. "Unaona haya ya nini? Maneno si yako, ni yangu. Mimi sioni haya kwa maneno yangu. Wewe yabebe tu, yasimwagike."

Alhamisi asubuhi tuliondoka. Bibi alikaa kwenye godoro, mgongo kwa dereva, blanketi mabegani, akiitazama nchi ikirudi nyuma: mchanga mwekundu, majani ya miiba, mashimo ya moto wa kambi za zamani. Mimi niligonga paa alipotaka gari lisimame, na lilisimama mara nne, maana kila kilima alikuwa na la kukiambia.

Tulipofika alishuka, akapaza sauti kuelekea korongo, kwa wazee waliotangulia, kama inavyopasa kabla mtu hajakaribia. "Ni sisi! Ni mimi, na mjukuu wangu! Na huyo aliyeficha uso kwenye gari ni wetu pia, msimtishe!"

Baba mdogo Selwyn alibaki kando ya gari, mgongo kwetu. Bwana Gavin alikuwa kishafika na gari lake, amesimama penye utepe wa waridi na karatasi mkononi. Bibi alikaa chini, uso kwa korongo.

"Mwambie mkwe wangu: hapa hapana. Pale kwenye mti mweupe, ndiyo."

Nilihesabu hatua arobaini mpaka kwa baba mdogo, nikamwambia. Yeye alikuwa akitazama viatu vyake.

"Nimesikia," alisema. "Nyundo ninayo. Lakini neno hili halibebwi na mwanamume. Mpelekee bwana yule mwenyewe."

Nikaenda. Bwana Gavin alinisikiliza kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali.

"Pale kwenye mti hawataona maji, dada. Watu watatoka mbali sana kuja kuona maji."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini? Nikibadilisha lazima niandike sababu. Kwa nini hapa hapafai?"

Mimi na mama mdogo tulikuwa tumetunga jibu refu, zuri, lenye salamu mwanzoni. Lilinipotea lote. Nilimwona Bibi ameketi, mgongo umenyooka, hageuki kutazama kama neno lake linafika. Alikuwa na hakika limefika.

"Yule pale ameoa kwetu miaka ishirini na miwili," nilisema, nikimwonyesha baba mdogo kwa midomo. "Amezaliwa nchi hii. Hajui sababu, na hajawahi kuuliza. Wewe umekuja mara mbili."

Mabega ya baba mdogo yalitikisika kwa kicheko. Bwana Gavin alimtazama, akanitazama, akatoa kalamu.

"Sasa niandike nini?"

"Andika Bibi Dulcie amesema. Hiyo ndiyo sababu."

Aliandika. Aliniuliza herufi za jina, nikamtajia moja moja, na sikukosea. Kisha akainama akaking'oa kigingi mwenyewe. Baba mdogo alikipokea, akazunguka njia ndefu nyuma ya vichaka asipite mbele ya mkwewe, akakigongea chini ya mti mweupe.

"Kuna watu wamejaliwa wakwe," Bibi alimwambia kunguru aliyekuwa akipita juu. Baba mdogo akapiga nyundo mara tatu zaidi, ingawa kigingi kilikuwa kimeshashika.

Baba mdogo alipokwisha kuondoka pale, Bibi alinituma. "Kasimame kwenye kigingi. Niambie unaona nini."

"Naona ukuta wa ng'ambo, mwekundu. Naona kivuli kimefika nusu yake. Naona ndege wanaruka chini yetu."

"Na maji?"

Nilisimama kwa vidole. Nikainama. Nikanyoosha shingo mpaka ikauma.

"Siyaoni, Bibi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo!"

Bwana Gavin alikuja akasimama kando yangu, mikono kiunoni, akatazama kwa muda mrefu. "Ni pazuri hata hapa," alisema.

"Ni pazuri," nilimjibu. "Ni kwetu." Na hilo sikutumwa na mtu.