Mkeka wa Wifi Kibibi

Msinione nimenyamaza mkadhani nimeridhika. Sijaridhika, wala sitaridhika.

Wifi yangu Kibibi alikuwa fundi wa mikeka hapa Kilwa Kivinje. Kaka yangu alimwoa mimi ningali Njinjo, nalima. Nilipoachika nikaja kukaa kwake, kaka keshakufa, tukawa wanawake wawili na sufuria moja. Mji nao ulikuwa unakufa. Serikali ya Mwingereza ilihamishia boma Kilwa Masoko, wenye maduka wakalifuata, wenye ndugu Lindi wakaenda zao Lindi. Kila masika nyumba za mawe zinaporomoka, majani yanaota mpaka chumbani.

Kibibi hakulia. Alikwenda kuchuma ukindu, akautia rangi, akaanza mkeka. Kila nyumba iliyofungwa mlango aliisukia ukili wake, utepe mmoja wa mkeka, na kila ukili aliushona mahali pake, jirani kwa jirani, kuanzia msikiti wa pwani kupanda juu. Ukili mwekundu ni nyumba iliyokufa pamoja na wenyewe. Wa manjano ni waliohama. Mweusi mwembamba ni uchochoro.

Mimi nilimcheka. "Wifi, wenzako wanashona mikeka ya kuuza, wewe unashona magofu!"

"Na wewe mtu wa Njinjo unajua nini? Lete mkono."

Akanikamata mkono akaupitisha juu ya mkeka. "Hapa kwa Dadi, muuza halua. Ruka uchochoro. Hapa kwa Likwata, sonara, mkewe akiimba unamsikia mpaka sokoni. Na huku juu ni kwa baba yangu, ndipo nilipomzaa Fakihi."

Ikawa ndiyo kazi yetu kila alasiri. Watu ambao sikuwaona hata siku moja nikawajua kuliko majirani zangu wa Njinjo. Nikaupenda mji usiokuwepo, jamani! Lakini mnielewe: niliujua kwa mkono. Mkeka ukitandikwa, naenda nyumba hadi nyumba bila kukosea. Ukikunjwa, nabaki na majina matupu.

Kifua kilipomzidi, aliniita karibu. "Wifi, nikifa mkeka huu usiuzwe, wala usilaliwe. Kaa nao. Iko siku atakuja mtu kuuliza." Nikamwapia.

Alikufa Ijumaa asubuhi. Mwanawe alikuwa mmoja tu, huyo Fakihi, seremala wa Masoko. Alikuwa hajamwona mama yake muda mrefu, akaja na aibu yake, macho mekundu. Mimi nilikuwa uani na wanawake wenzangu, tunamwosha marehemu. Tukamkafini, jeneza likatoka, wanaume wakaondoka nalo. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo tulibaki ndani tukilia.

Nikaingia chumbani kwake kutafuta udi. Kasha alilotunzia mkeka liko wazi. Mkeka haumo.

Nilitoka mbio mpaka barazani, kichwa wazi. Wenzangu wakanishika kanga. "We bibi, una wazimu? Utalifuata jeneza?" Nikapiga kelele, "Mkeka! Mkeka!" Wakanikalisha, wakaniambia nimtaje Mungu. Walidhani ni uchungu wa msiba, nao ulikuwepo pia.

Wanaume waliporudi, Fakihi alinijia moja kwa moja, mchanga umemjaa mpaka viwikoni. Akapiga magoti mbele yangu.

"Shangazi, nilikuwa mtoto mbaya. Lakini leo nimemstiri mama. Wengine hufunikwa jamvi bovu kabla ya mchanga. Mimi nimechagua mkeka mzuri kuliko yote aliyowahi kushona."

Akalia kwa kwikwi. Nami ninavyojulikana kwa mdomo! Matusi yalinijaa mpaka kooni. Nikamtazama usoni, nikaiona sura ya mama yake.

"Umefanya vizuri, baba," nikasema. Ningesema nini?

Kesho yake nilikwenda kwa Maalim Abdurahmani, nikamwomba kaburi lifunguliwe. Alinisikiliza kwa upole, hakunikatiza. Mwishowe akasema, "Bibi, maiti hafukuliwi kwa ajili ya mkeka. Mwache apumzike." Najua alisema haki. Nilimchukia hata hivyo.

Arobaini ilipopita nikachuma ukindu wangu mwenyewe. Nikasuka kwa Dadi. Nikasuka uchochoro. Nikasuka kwa Likwata. Hapo mkono ukasimama. Anayefuata ni nani, na ni upande upi? Nikafumua, nikasuka tena, nikafumua tena, hata ukindu ukakatika. Nikautia jikoni nikapikia uji.

Mwaka uliofuata Fakihi akaja na mkewe, na mtoto mchanga wa kike waliyempa jina la bibi yake. Nilifurahi, nisiseme uongo. Tukala, tukacheka. Kisha akasema:

"Shangazi, nataka huyu akakanyage pale mama aliponizaa. Mimi nilitolewa pale ningali natambaa, sipakumbuki. Nasikia wewe mama alikufundisha nyumba zote. Twende ukatuonyeshe."

Nikaenda. Ningekataaje? Nyasi zimetupita vichwani, mawe yote yamefanana, mti umeota palipokuwa njia. Nikanyoosha mkono, nikaurudisha. Nikaunyoosha kwingine, nikaurudisha.

"Shangazi? Ni wapi?"

"Kamuulize mama yako!"

Alinitazama kama niliyemtukana. Basi yakanitoka yote, ukili mwekundu, ukili wa manjano, kasha wazi, nami barazani kichwa wazi. Sikumbakizia hata neno moja, na nilipomaliza nilitamani nimeze ulimi.

Alikaa chini palepale kwenye nyasi, mwanawe mapajani. Pengine alikaa ukumbini kwa babu yake, pengine chooni kwa Dadi. Wallahi sijui.