Demeta Hakuulizwa

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2008. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuuma masikio, na ukungu ulifunika magari yote nje ya nyumba yetu huku ughaibuni, Germantown.

Nilikuwa jikoni nikipangusa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na hasira ya Alhamisi ilikuwa bado haijanitoka. Katika darasa la jioni tulisoma habari za Demeta, mungu wa kike wa mavuno wa Wagiriki wa kale. Niliomba kabla ya kufungua kitabu, kwa kuwa mimi namwabudu Mungu mmoja tu. Lakini mama yule nilimwonea uchungu. Zeu, baba wa binti yake, alimtoa binti aolewe na mtawala wa kuzimu bila kumwambia mama. Demeta alipojua, alizuia nafaka isiote hata punje, mpaka miungu wenzake wakakosa sadaka na kuogopa. Mwalimu akasema, "Mama huyu hasira zake zilipita kiasi." Kiasi cha nani? Waliomgawa mtoto hakuwasema hata kidogo.

"Unakisugua kibuyu kama kimekutukana," alisema Bilha, rafiki yangu wa kanisani aliyekuja kunisaidia.

Wageni walifika: Mzee Kipchumba na ndugu zake, kutoka Greenbelt. Mume wangu, Mutai, alikuwa ameniambia wanakuja kujuana tu. Nilipopeleka chai, nikamsikia Mzee akisema, "Basi harusi ya Peterson wetu na binti yenu ni Desemba. Kwa simu tulishamaliza, hapa ni kunywa maziwa tu."

Harusi ya binti yangu Jelagat! Naye yuko mwaka wa pili tu chuoni, Fairfax!

Nikapanda juu chumbani kwake, kwani Jumamosi huwa nyumbani. "Umekubali kuolewa na Peterson, mtoto wa ndugu yake Kipchumba?"

"Mom, nobody asked me!" Siku zote hunijibu kwa Kiingereza: hakuna aliyemuuliza.

Nikashuka. Mutai akaita, "Mama Jelagat, lete mursik, wazee wana kiu."

Kwetu Wakalenjin, posa haijafungwa mpaka wageni wanywe mursik ya nyumba ya binti, na hapa kwangu huimimina mimi. Nikavuta kiti, nikaketi katikati yao, kibuyu mapajani.

"Haimiminwi."

"Unaniaibisha," Mutai alinong'ona.

"Binti yako umemuuliza?"

Kipchumba akacheka. "Mama, hizi shule za jioni zimekuharibu."

"Mzee, kwa heshima yako, uchungu wa kuzaa sikuufundishwa shuleni."

"Amina!" akadakia Bilha mlangoni pa jikoni.

Chai ikapoa. Wageni hawakuweza kuondoka, maana kutoka bila kunywa ni kukataliwa. Mimi niliomba kimya: Bwana, ulainishe moyo wa huyu mume wangu, mimi sitalainika.

Jelagat akashuka, akasimama nyuma ya kiti changu. Kipchumba akamtazama, kisha akamgeukia Mutai.

"Mutai, ulituambia mtoto anajua."

Mutai akasimama.

"Wazee, na wewe Bilha, nishuhudieni. Jelagat hatakwenda kwa mtu yeyote mpaka aseme ndiyo kwa kinywa chake, mama yake akisikia. Akisema hapana, nitawaletea jibu hilo mimi mwenyewe, kwa miguu yangu."