Maziwa ya Mkaratusi

Siku za ukungu, nyumba ya Rukara ilikuwa ikielea. Vilele vya mikaratusi vilitangulia kuonekana, vikifuatwa na paa, kisha ng'ombe wasio na miguu. Athanasie, mkewe, alisimama mlangoni na chombo cha maziwa mkononi, akingoja kila kitu kirudishiwe miguu yake ndipo aanze kazi. Alikuwa mwanamke wa kuota ndoto za mchana, wala hakuona haya. Mumewe alimtania kwamba ipo siku ataota chungu kikiwa jikoni, na maharagwe yataungua.

Kilima chao kilikuwa juu ya Nyabiondo, upande wa Masisi. Walipohamia pale kutoka Rwanda, walikuta majani na upepo tu, tena upepo wa kuingia mpaka kwenye mifupa. Vita vya Wazungu vilipoisha, akaja agronomu wa Leta, bwana shamba wa serikali, na miche ndani ya vikapu, akaamuru kila nyumba ipande. Wengine walipanda kwa kunung'unika. Rukara alipanda kwa mapenzi, na kwa kuwa udongo ulikuwa laini bondeni, kandokando ya chemchemi ya kunyweshea ng'ombe, akaipanda huko. Aliizungushia chemchemi miti kama mtu anayemfunika mgeni blanketi.

Tuseme kweli, ile miti iliwatendea wema. Ilikua haraka kuliko watoto. Ilizuia upepo, ikatoa nguzo za nyumba ya Munyakazi, mtoto wao, alipooa na kujenga ng'ambo ya bonde. Ilitoa kuni, Athanasie akaacha kupoteza asubuhi zake akiokota vijiti. Na kifua cha Rukara kilipoanza kumbana, ni majani yake yaliyochemshwa yaliyomfungua. Kila mchana alibeba kigoda chake, akakaa chini ya miti, akafumba macho na kuvuta pumzi. Athanasie alipomwona pale, kifua kikipanda na kushuka bila taabu, alijaa furaha mpaka akaogopa.

Sasa mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba miti yake inakunywa chemchemi?

Athanasie aliliona jambo hilo polepole. Kwanza majani yaligoma kuota chini ya miti. Kisha kikatoweka kile kichaka alichokuwa akikata kuni za kufukizia. Kwao maziwa hayamiminwi katika chombo ambacho hakijafukizwa. Chombo huoshwa, hukaushwa, hugeuzwa juu ya moshi wa kuni maalumu, nayo ni kazi ya mke, na sifa ya nyumba nzima imo humo. Kuni zake zilipokwisha, siku moja akafukiza kwa mkaratusi, akajisemea moshi ni moshi tu.

Siku hiyohiyo akafika Gustave, mkulima wa Kalembe aliyezoea kuja na asali ya msituni ili abadilishe na maziwa. Alipiga funda moja, akakaa nalo shavuni, akitafuta adabu ya kulimeza.

"Mama Athanasie," alisema hatimaye, "hii maziwa iko na harufu ya dispansere."

Akaondoka na asali yake. Athanasie aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Rukara, yeye, alikunywa chombo kizima, akafuta midomo, akasema hajapata kuonja maziwa matamu kama hayo, yanafungua kifua. Akacheka mpaka akakohoa. Athanasie hakucheka. Tangu hapo akawa anakwenda mbali kutafuta kuni zake za zamani, na mkaratusi hakuugusisha tena kwenye chombo.

Kisha yakaja ya maji. Mwaka ule kiangazi kilikataa kuondoka. Chemchemi iliyokuwa ikiwafikia ng'ombe magotini ikapungua, ikawa sahani, ikawa kiganja. Gustave alipopita tena, alisema kwamba hata kwao Kalembe, na kule Pinga, mito imekonda lakini bado inatembea. Akaitazama miti, akanyamaza kwa heshima. Munyakazi hakunyamaza. Alimwambia mama yake kwamba ama miti ikatwe, ama ng'ombe wahame. Athanasie alimfukuza kwa maneno makali, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Mchana mmoja usingizi ulimchukua akiwa ameegemea ukuta. Akaota mikaratusi imeng'oka, inashuka bondeni pamoja na ng'ombe, taratibu, bila kusukumana, na kuinama kunywa. Rukara alikuwa katikati yake, mrefu, majani yamemwota mabegani. Naye alikunywa, na kila alipomeza, kifua chake kilipanda vizuri. Nyuma ya wote alisimama Gaju, ng'ombe mzee wa uzao wa yule aliyetolewa mahari ya Athanasie, akingoja zamu yake. Zamu haikufika. Athanasie alitaka kuita, lakini mdomo wake ulikuwa umejaa maziwa.

Alipoamka alikwenda bondeni moja kwa moja. Gaju alikuwa pale kweli, amepiga magoti, analamba tope.

Rukara alikuwa amelala ndani, kifua kimembana vibaya. Athanasie alichukua shoka bila kumwambia. Pigo la kwanza lilipoingia, harufu ilimwagika bonde zima, na machozi yakamtoka, akaendelea kukata huku analia. Mti ulipoanguka akageuka. Rukara alikuwa amesimama nyuma yake, amejifunika blanketi, ameegemea fimbo yake.

"Papa Munyakazi," Athanasie alisema, "najua. Hii miti njo inakupatia pumuzi."

Rukara alimtazama Gaju kwa muda mrefu. Kisha akakaa juu ya shina lililoanguka.

"Ngombe zikikufa na kiu, hiyo pumuzi nitaifanya nini?" alisema. "Kata na ile mukubwa. Itisha Munyakazi akusaidie."

Munyakazi akaja, wakakata mpaka jua likapoa. Rukara alikaa katikati ya matawi mabichi, na katika harufu ile nzito alipumua vizuri kuliko siku nyingine zote za mwaka ule. Upepo wa zamani ukarudi, ukaingia nyumbani bila kubisha. Kabla mvua haijanyesha Rukara alikufa, asubuhi ya ukungu, mkono wake ndani ya mkono wa mkewe. Walimzika juu ya bonde, katekista akasali.

Mvua zilipokuja, chemchemi ilirudi kidogo kidogo, mpaka Gaju akanywa akiwa amesimama. Lakini visiki navyo vilikuwa vimechipua pande zote. Munyakazi alikuwa amemwonya mama yake kwamba machipukizi yakiachwa, mwakani watalia tena. Athanasie aliyavunja yote, moja baada ya jingine, akiyaomba radhi. Vidole vyake vikanukia kifua cha Rukara. Hakuyatupa. Aliyakusanya ndani ya kikwembe chake, akapanda nayo nyumbani.

Jioni, Munyakazi alipomaliza kukamua, mama yake alitoa chombo cha Rukara, ambacho hakikuwa kimetiwa kitu tangu mazishi. Akawasha moto, akaweka machipukizi juu yake, akakigeuza chombo juu ya moshi. Munyakazi alinusa, akamwambia kwa upole kwamba maziwa ya chombo hicho hakuna mtu atakayeyanunua.

"Haiko ya kuuzisha," Athanasie alisema.

Akayamimina, akakaa kwenye kigoda cha mumewe, akanywa mpaka yakaisha.