Mlango Aliouficha Mwalimu

Fundi wa tovuti hapendi kazi za marehemu, na asikudanganye mtu, hakuna fundi anayezipenda. Mteja wa kawaida atakufokea, utamvumilia, mtamalizana. Aliyefiwa anakaa kimya kwenye kiti chako cha plastiki, mkoba mapajani, macho kwenye vidole vyako, mpaka unasahau hata kazi unayoijua.

Huyu wa asubuhi ile alikuwa binti wa mwalimu mstaafu. Baba yake alikuwa na tovuti ndogo ya kufundishia hesabu, na wiki ya mwisho hospitalini alimwambia, "Nimewaandikia wewe na mama yako. Imo ndani ya tovuti, kwenye rasimu. Sijaichapisha." Baada ya hapo hakusema tena la maana. Sasa mwezi na ushee umepita tangu azikwe, na binti kila akijaribu kuingia anaambiwa ukurasa haupatikani.

"Hata bakapu nimeirejesha, kaka, ile nakala ya akiba aliyoiweka baba," alisema. "Wapi. Ni vilevile."

"Usijali, dada. Tutaingia tu."

Fundi hakuwa anajitapa. Alishaujua mchezo wenyewe. Mwalimu, mtu wa tahadhari, alikuwa ameweka programu ndogo ya ulinzi inayoutoa ukurasa wa kuingia kwenye anwani yake ya kawaida na kuuhamishia anwani ya siri, wezi wa mtandao wasiuone. Anwani hiyo aliijua peke yake, akaenda nayo kaburini. Fundi akapitia upande wa mafaili, akaitafuta folda ya programu ile, akaibadilisha jina ili tovuti isiitambue. Akarudi kwenye anwani ya kawaida. Visanduku viwili vikatokea, cha jina na cha paswedi. Paswedi akaweka mpya.

"Jamani," binti akasema polepole, akaanza kulia kabla hata hajaona kitu.

Rasimu zilikuwa tatu: somo la sehemu, somo la pembetatu, na mtihani wa majaribio. Fundi akazisoma zote hadi chini, akapekua pipa la taka, akapekua na matoleo ya zamani. Hesabu tupu. Kisha akatazama tarehe. Cha mwisho humo kiliandikwa mwezi wa pili. Mwalimu aliugua mwezi wa tano.

"Dada, hiyo bakapu uliitoa wapi?"

"Kwenye flashi ya baba. Ilikuwamo moja tu. Nikairejesha kupitia akaunti yake ya kampuni inayotunza tovuti, siku tatu baada ya mazishi."

"Na kabla ya hapo, tovuti ilikuwa imekufa?"

"Hapana, ilifunguka vizuri. Ni ule ukurasa wa kuingia tu ndio haukuonekana. Nikajua imeharibika."

Ee Mungu wangu. Haikuharibika hata siku moja. Ukurasa ulifichwa tu, na barua ilikuwa nyuma yake, nzima, siku ile binti alipobonyeza kitufe, nakala ya zamani ikakaa juu ya mpya, na kuifuta miezi yote ya mwisho ya baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Fundi akatoka kwenda koridoni, akaipigia simu kampuni inayotunza tovuti. Wao nakala zao hukaa nazo wiki mbili, basi. Fundi na binti walikuwa wamechelewa siku kumi na tisa.

Alirudi amekasirika, na hasira yenyewe hana wa kumpa. Binti hakuwa na kosa ila haraka ya kumsikia baba yake.

"Haimo?" akauliza.

"Haimo."

"Kwa hiyo hakuandika."

Hapo fundi akaona pa kumwokolea. Binti atamnung'unikia baba yake kidogo, yataisha. Lile la kuifuta barua mwenyewe angezeeka nalo.

"Nadhani hakuwahi, dada. Alikusudia, ugonjwa ukamzidi."

Binti akaitikia kwa kichwa, mabega yakamshuka. Akampigia mama yake, akaiweka simu mezani kwa sauti ya nje.

"Mama, tumeingia. Hamna kitu. Baba hakuwahi kuandika."

"Aliandika, mwanangu," mama akasema. "Laptopu nilimshikia mimi, pale kitandani. Ilimchukua siku mbili. Akanikataza kusoma mpaka na wewe uwepo."

Binti aliitazama skrini, akazitazama zile tarehe. Alikuwa mtoto wa mwalimu wa hesabu.

"Kaka," akasema, "bakapu ile ni ya lini?"

Simu ilikuwa bado hewani, mama anasikiliza. Fundi akamwambia: ya mwezi wa pili.